Gunia Moja na Kilo Moja

Mizani ya dukani kwa Mokami haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Ilikuwa mizani ya kupimia magunia ya mahindi, chuma kitupu, nayo ilikaa karibu na mlango ambako wabeba mizigo wa Sirari huingia wakitokwa jasho na kutoka wakinung'unika. Jumatatu ile ya mwanzo wa mwezi wa saba, kama Jumatatu zote, Mokami aliurudishia mlango kabla mteja wa kwanza hajafika, akavua viatu, akavua kitenge cha juu, akapanda. Akalisukuma jiwe la mizani taratibu mpaka mkono ukatulia. Kisha akasoma, ingawa alikwisha kujua.

Mia moja na moja.

Wiki ya kumi na moja sasa. Gunia moja na kilo moja, na hiyo kilo moja ilikuwa imemng'ang'ania kama kupe. Alishuka, akavaa viatu kwa shida, akakaa juu ya gunia la maharage na kuegemea ukuta. Saa mbili asubuhi, na tayari alikuwa hoi. Si uchovu ule wa kazi, ambao mtu anaulalia akaamka mzima. Huu alilala nao na kuamka nao, na mchana walishinda wote dukani wakitazamana.

Tusimwonee lakini. Mokami hakuwa mvivu hata siku moja. Huyu ndiye aliyeanza na debe moja la mtama pembeni mwa barabara ya mpakani na akaishia na duka lenye mlango wa chuma. Mume wake alifariki bila wao kupata mtoto. Baadaye, kwa desturi ya Wakurya, Mokami alitoa mahari kwa mkono wake mwenyewe akamwoa Rhobi, binti wa watu wa Ringwani, ili nyumba isife. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita, na huko hakuna anayeshangaa. Rhobi alizaa Daudi, akazaa Elia, na wote wawili walibeba jina la marehemu. Ndio waliokuwa warithi wa mji ule na ekari zake nne za migomba na mahindi.

Tatizo ni kwamba Daudi alikuwa na miaka tisa na Elia saba. Na Nikolaus, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa na miaka hamsini na sauti nzito katika vikao vya ukoo. Kama Mokami angekufa kabla wale watoto hawajawa wanaume wa kusimama na kujisemea, ekari zile zingepata mwenyewe mpya kabla matanga hayajaisha. Kila mtu alijua hivyo. Hakuna aliyekuwa analisema.

Kwa hiyo daktari wa mjini alipomwambia, mwaka uliopita, kwamba kwa uzito wa kilo mia moja thelathini na tisa, na sukari ile, na presha ile, akipata miaka mitano ashukuru, Mokami hakulia. Alipiga hesabu. Mitano haikutosha. Yeye alitaka kumi, Elia afike kumi na saba. Akauliza kuna njia gani ya kupata kumi, akaambiwa ipo moja, na ipo Dar es Salaam.

Aliuza ng'ombe kumi na wawili kwenye mnada. Huko Dar es Salaam walimkata sehemu kubwa ya tumbo, wakashona kilichobaki kikawa chembamba kama ndizi moja. Na aliporudi aliwaambia watu wote, Rhobi akiwemo, kwamba ametolewa uvimbe.

Alidanganya kwa sababu aliona aibu. Tarime mwanamke mnene ni mwanamke ambaye kwake kuna chakula, na akipita sokoni watu humpisha kwa heshima. Sasa nani angemwelewa mtu aliyeuza ng'ombe kumi na wawili, ng'ombe ambao Daudi na Elia wangeolea wake, ili akonde? Uvimbe kila mtu anauelewa. Uvimbe haumpi mtu kazi ya kujieleza.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri mno. Kilo zilikuwa zinaanguka zenyewe, sukari ikashuka, mpaka Pasaka alikuwa ameacha thelathini na nane nyuma yake. Halafu mizani ikagoma. Nguvu nazo zikamtoroka. Asubuhi alikuwa anakunywa kikombe chake cha uji wa ulezi uliochachushwa, kitu pekee alichokipokea kwa furaha, maana tangu upasuaji ulimi wake ulikuwa umekufa na kila kitu kina ladha ya sarafu. Uji ule siku hizi ulikuwa laini, unateremka vizuri, akadhani ulimi unaanza kupona. Lakini haikupita nusu saa moyo ulianza kwenda mbio, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, na baada ya hapo kichwa kikawa kizito asiweze hata kuandika risiti. Wateja walimkuta amesinzia juu ya magunia. Wengine walisema ana ngoma. Wengine walisema kansa. Waliosema kansa ndio waliokuwa na huruma.

Jumatatu ile aliona heri apige simu. Hospitali ile ilikuwa imempa namba ya muuguzi mmoja aitwaye Generoza, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuatilia watu waliokatwa matumbo. Mokami alimwambia kila kitu bila kupumzika: mia moja na moja, wiki kumi na moja, jasho, mikono, usingizi. Alimwambia pia kile alichokuwa hajamwambia mtu, kwamba anaona ng'ombe wake wamekwenda bure.

Generoza hakushtuka. Alisema mizani kugoma ni jambo la kawaida, mwili unapumzika, karibu wagonjwa wake wote linawapata, na halimaanishi kwamba upasuaji umeshindwa. Alimwuliza kama anakula yai na maharage na samaki kwanza kabla ya kitu kingine, kama anameza vidonge vyake vyote, kama anatembea. Mokami akakiri kwamba kwa uji ule anashiba mpaka mchana, na yai analiacha. Kutembea ndiyo hata asiulizwe. Generoza akamwagiza akapime damu, maana huenda madini ya chuma yamepungua. Kisha akarudi kwenye jasho.

Jasho lile, alisema, na moyo ule, ni sukari. Mtu aliyekatwa tumbo akila sukari, inapita mbio kwenda kwenye utumbo na mwili unachanganyikiwa. Mokami akasema hatumii sukari, hajaigusa tangu mwezi wa tisa, uji wake ni mtupu.

"Na huo uji, mama," akauliza Generoza, "anaupika nani?"

"Rhobi," akasema Mokami, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata hakwenda dukani. Alikwenda jikoni, akavuta kigoda, akakaa karibu na mafiga. Rhobi akamwamkia shikamoo, akamwuliza kama amelala vibaya. Mokami akasema amelala tu. Alikuwa hana desturi ya kukaa pale asubuhi, na wote wawili walilijua hilo. Rhobi alikoroga uji. Ukachemka, ukaiva, ukapita kuiva, na bado anakoroga. Mokami akamwambia utashika chini. Rhobi akasema ndiyo mama, akaendelea kukoroga, macho kwenye sufuria.

"Rhobi," Mokami akasema, "weka unachoweka kila siku."

Mwiko ukasimama. Rhobi aliutazama mlango kama mtu anayepima umbali, kisha akainuka, akapitisha mkono nyuma ya debe la unga. Akatoa kopo la glukosi, ile ya unga wanayouza kwenye maduka ya dawa na watu huwapelekea wagonjwa. Akatoa na kichupa cha samli. Akaviweka chini, kati yao.

"Vijiko vingapi?"

"Vinne. Mwanzo kilikuwa kimoja."

"Toka lini?"

"Toka Pasaka."

Wiki kumi na moja. Hasira ilimjia Mokami. Alitaka kusimama, alitaka kulipiga lile kopo teke lifike kwa jirani, alitaka kusema maneno ambayo mwanamke mwenye mahari yake anaweza kumwambia mke aliyemwoa. Lakini hata kugomba kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Akauliza tu nani aliyemtuma.

Rhobi akasema hakutumwa na mtu. Na hapo, bila kuinua macho, akaeleza. Siku ya Pasaka Mokami alipokuwa kanisani, Nikolaus alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama kule kwenye migomba, akazitembelea ekari zote kwa macho, kisha akamwita Rhobi na kumwambia kwa upole kabisa kwamba uvimbe ule ni kansa, mtu mzima hakondi namna ile halafu akapona, siku za mama yake zinahesabika. Ajiandae. Mokami akishazikwa, yeye atarudi kwao Ringwani na nguo zake. Watoto ni wa ukoo, watabaki.

"Nikakuona unakula vijiko vitatu unasukuma sahani," Rhobi akasema. "Nikaona nikikutilia nguvu kidogo, utafika hata mwaka kesho. Sikujua kingine cha kufanya, mama."

Mokami aliinamisha kichwa. Zamu ya kusema kweli ilikuwa imemfikia, na aliiona ikija kama mtu anavyoiona mvua upande wa pili wa bonde, bila mahali pa kukimbilia. Akasema. Alisema hapakuwa na uvimbe. Akaeleza daktari alisema nini, na hesabu aliyopiga ya Elia kufika kumi na saba, na ndizi moja iliyobaki tumboni, na kwamba kukonda kulikuwa ndiyo dawa yenyewe. Akaeleza na glukosi inamfanya nini. Alipomaliza uji ulikuwa umeungua, na harufu yake imejaa jiko zima.

"Kwa hiyo hufi," Rhobi akasema.

"Sifi. Si sasa."

"Na ulikuwa unajua hivyo siku zote."

"Nilikuwa najua."

Rhobi alifuta mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mimi nilishakuzika, mama," akasema. "Kila nikifua nguo zako nilikuwa nakuzika. Nilikuwa nawatazama wanangu wakila, najiuliza nani atawapa chakula mimi nikiwa Ringwani. Wiki kumi na moja."

Akaunyanyua uji ule ulioungua, akaumwaga nje kwa kuku, akachukua jembe na kwenda shambani bila kuaga. Mokami alibaki kwenye kigoda. Alikuwa amekwenda jikoni kumshika mwizi, akajikuta amejishika mwenyewe, na roho ilimwuma kuliko mshono ulivyowahi kumwuma.

Siku mbili hawakusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Hata hivyo kila asubuhi kulikuwa na yai la kuchemsha kwenye sahani, limemenywa, na maharage kidogo yaliyopondwa, na uji mtupu nusu kikombe, mchachu mpaka unafumba jicho. Siku ya tatu jasho halikumtoka. Moyo haukwenda mbio. Uchovu ulikuwepo palepale; zahanati walimpima damu wakakuta imepungua, wakampa vidonge, na Generoza kwa simu akamwonya asitegemee muujiza wa wiki moja. Mizani nayo hakuigusa. Alichoka kuiuliza swali lilelile.

Ijumaa Rhobi alimletea yai, akakaa chini badala ya kuondoka. Akasema anataka kitu kimoja tu. Anataka Mokami aende akamwambie Nikolaus kwa mdomo wake, vilevile alivyosema jikoni.

Mokami akasema watamcheka. Habari ile ikifika kwa Nikolaus leo, kesho iko sokoni, na keshokutwa imevuka mpaka hadi Isebania. Ng'ombe kumi na wawili kwa ajili ya kukonda. Watamwita nani?

"Wakucheke," Rhobi akasema. "Mimi nililia peke yangu."

Mokami akalichukua yai, akalila.

Walikwenda Jumapili, baada ya ibada. Kwa Nikolaus si mbali, ni ng'ambo ya bonde, mtu mzima anakwenda kwa dakika ishirini. Rhobi alitaka kuita bodaboda, Mokami akakataa: mtu anayekwenda kusema kwamba haumwi hawezi kushushwa mlangoni kama mgonjwa. Kwa hiyo walitembea. Walipumzika mara tatu. Mara ya tatu Mokami alikaa juu ya jiwe na kufumba macho, miguu inamtetemeka, akawaza kwamba angeweza kulala palepale mpaka Jumatatu. Rhobi alisimama kando yake, hamharakishi, hamsaidii.

Nikolaus aliwapokea vizuri, na ndicho kilichomkera Mokami. Zamani walikuwa wakikutana wanataniana na kuchokozana, shemeji huyu shemeji yule. Sasa aliinuka haraka, akampa kiti chake mwenyewe chenye mto, akasema naye kwa sauti ya chini, kama walio chumbani kwa mgonjwa. Mkewe, Teresia, akaleta ugali wa mtama na nyama ya mchuzi. Mokami alinawa. Alikula nyama kidogo, akakata matonge mawili madogo ya ugali, tumbo likajaa. Akaacha. Aliwaona wote wawili wakiitazama sahani.

Basi akasema. Alisema kila kitu, na safari hii hakuinamisha kichwa. Uvimbe ulikuwa uongo. Alikatwa tumbo kwa hiari yake ili apungue, aishi, awalee Daudi na Elia mpaka wawe wanaume. Anakula kidogo kwa sababu nafasi ni ndogo. Amechoka kwa sababu damu imepungua, na damu itarudi. Hana kansa. Hana ugonjwa wowote wa kufisha.

Teresia alijiziba mdomo kwa kanga, na macho yake yalikuwa yanacheka. Hilo Mokami alilitegemea, akalimeza. Alimtazama Nikolaus.

"Ng'ombe kumi na wawili," Nikolaus akasema polepole. "Ili mtu akonde."

"Ndiyo."

Nikolaus alitazama sahani isiyoliwa. Alitazama jasho la safari lililokuwa bado kwenye paji la uso wa shemeji yake, na mkono wake uliotetemeka aliposhika glasi ya maji. Alitazama mifupa ya mabega iliyokuwa haionekani miaka yote aliyomfahamu. Akatikisa kichwa, na uso wake ukajaa huruma ya kweli kabisa, isiyo na hila hata kidogo.

"Pole sana, shemeji," akasema. "Usijichoshe kutueleza. Sisi tunaelewa. Na kuhusu watoto usiwe na wasiwasi, ni watoto wetu."

Mokami alikuwa ameivua aibu yake mbele ya watu, yote, akawakabidhi, na hawakuitaka. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kuamini kifo. Hakukuwa na karatasi ya daktari ambayo ingemshawishi Nikolaus, wala kiapo, wala kikao cha wazee. Kitu kimoja tu kingemshawishi, nacho kilikuwa kinachukua miaka.

Waliaga. Nikolaus aliwasindikiza mpaka kwenye ua, akasimama pale akiwatazama wanavyoteremka, mkono mmoja kiunoni. Walipofika mahali ambapo njia inaanza kushuka bondeni, magoti ya Mokami yalikataa. Akakaa kwenye majani pembeni mwa njia. Rhobi akakaa karibu naye, karibu kuliko alivyokaa wiki nzima, bega kwa bega.

"Hajaamini," Rhobi akasema.

"Hajaamini."

"Sasa tutafanya nini, mama?"

Mokami alikuwa anatafuta pumzi, na alikuwa amechoka, Mungu wangu, alichoka mpaka kwenye nywele. Mbele yao njia iliteremka, ikavuka kijito, ikapanda tena upande wa pili hadi nyumbani, na yote ilikuwa ya kutembea. Juu kule, Nikolaus alikuwa bado amesimama kwenye ua wake. Mokami akampungia mkono. Baada ya muda, naye akapunga.

"Kesho tutakuja tena kumsalimia," akasema Mokami.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Na keshokutwa. Na siku itakayofuata." Akamshika Rhobi begani, akajiinua, goti moja, kisha la pili. "Tutamsalimia mpaka achoke yeye."